Chembe cha Moyo

Siku aliyofariki mume wangu, aliamka mapema akakaa mezani kupanga kitabu. Kilikuwa kitabu cha kuanzia kuujua mwili, kwa watu wasiosoma sayansi. Wanafunzi wake shuleni walimwita Mwalimu Mifupa, na sura ya kwanza aliipa mifupa.

"Unajipendelea," nilimtania.

"Mama watoto, bila mifupa ungemwagika kama maji!"

Baadaye alijishika juu ya tumbo, pale mbavu zinapokutana. Jasho lilimtoka.

"Chembe cha moyo kinaniuma."

"Moyo?" Nilishtuka.

Akacheka. "Ni jina tu. Hapo ni tumbo. Moyo uko juu zaidi."

Akanywa dawa ya kiungulia, akajilaza. Hakuamka tena.

Baada ya mazishi, wifi yangu, dada yake, alikuja tupange karatasi zile. Yeye ni muuguzi. Maumbo ya viungo vyote yalikuwa mbele, kazi za viungo hivyo zote nyuma.

"Kaka hakukosea, hapo ni tumbo," alisema. "Lakini moyo ukikosa damu, maumivu yanaweza kutokea hapo hapo. Au kifuani, tayani, mgongoni, mkononi. Mtu akitokwa jasho au akikosa pumzi, asingoje. Hospitali mara moja."

"Hayo aliyapangia sura ipi?"

"Ya mwisho."

Nilizivuta karatasi za mwisho mbele yangu.

"Wengi hawatafika huko," nilisema. "Tupangue."

"Wifi, kaka atafufuka atugombeze!"

"Aje. Nina hamu na kelele zake."

Basi kila sura tukaipa kiungo na kazi yake pamoja. Moyo ukatangulia. Mifupa tukaiweka ya pili, kwa heshima ya mwenyewe.

Sura ya moyo ilipokamilika, tulimpa jirani yetu, fundi cherehani aliyejifunza kusoma ukubwani. Alikwama kwenye neno "ateri".

"Hili dude ndiyo nini?"

Tukaandika: mshipa unaotoa damu moyoni.

Haukupita muda mrefu, mama yake fundi alijishika chembe cha moyo.

"Ni gesi tu, mwanangu."

"Gesi gani ya kukulowesha jasho, mama? Simama twende!"

Daktari alikuta ni moyo. Walikuwa wamewahi, na mama akatibiwa. Sasa anatembea mwenyewe hadi dukani, na akimwona binti yake anamwita daktari wa vitambaa.

Kitabu bado hakijachapwa. Wifi huja akitoka kazini, yeye anaeleza, mimi naandika. Tumefika kwenye mapafu.