Tofali la Nusu Dakika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Chiriku alikuwa na kazi mbili: kuchota maji ya kumwagilia matofali, na kuandika daftari. Jina la Chiriku alibandikwa na mama yake kwa sababu ya mdomo. Tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza, na majirani walidai hata usingizini anasimulia.

Mama yake alifyatua matofali uani, kwa kokoto nyeusi nyepesi zilizoletwa na mvua kutoka mlima wa volkano uliokuwa juu ya mtaa wao. Mashine yake ilikuwa kuukuu, ya chuma kitupu, mzigo wa watu sita. Unajaza kokoto na saruji, unashusha kifuniko kwa kishindo, unainua, tofali hilo. Dakika moja na nusu, haizidi wala haipungui. Mashine hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwavisha tangu baba afariki, na mama aliifuta vumbi kila jioni kwa uangalifu kuliko alivyofuta meza ya chakula.

Hatua chache kutoka uani kulikuwa na kibanda cha saruji, na ndani yake chombo cha kupimia mitetemeko ya ardhi. Watoto walikiita Sikio. Sikio lilisikiliza mlima, lakini lilisikia pia kila kishindo cha mashine. Ndiyo maana Mtaalamu, mama wa makamo aliyepokea alama za Sikio ofisini kwake mjini, alimpa Chiriku daftari. Kila siku aandike mashine imeanza saa ngapi na imesimama saa ngapi, ili ijulikane alama zipi ni za tofali na zipi ni za mlima. Akifika shuleni, mbali kule chini barabarani, alilikabidhi kwa mwalimu wa sayansi, naye akampigia Mtaalamu simu na kumsomea.

Kazi yenyewe nyepesi jamani, mistari miwili kwa siku. Lakini wiki ile kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba, na Chiriku alitaka kuwahi mazoezi. Mama naye alikuwa amepata oda kubwa ya matofali ya zahanati, na Jumapili alitangaza kwamba yeye na wasaidizi wake watapokezana kufyatua kutwa kucha, wiki nzima. Chiriku akaona ameokota dodo. Jumatatu asubuhi akaijaza wiki yote kwa mkupuo mmoja: kutwa kucha, kutwa kucha, mpaka Ijumaa.

Jumanne adhuhuri bawaba ya kifuniko ikakatika. Fundi wa kuchomelea aliichukua, akasema mpaka Jumamosi. Mama akakaa juu ya ndoo akashika tama. Chiriku alilikumbuka daftari, akajiambia atalisahihisha kesho.

Kesho yake Mtaalamu alipiga simu mwenyewe. Alama zilikuwa zimejaa, alisema, zote zinafanana, moja kila dakika moja na nusu, usiku na mchana. Je, ni mashine? Mwalimu akafungua daftari, akamtazama Chiriku mbele ya darasa zima.

"Hivi ulivyoandika ndivyo ilivyo?"

Kusema hapana kulimaanisha kukiri kwamba alilipua kazi. Wenzake walikuwa wamemkodolea macho. 

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akasema kwenye simu kwamba ni matofali tu. Alhamisi ikapita hivyo hivyo. Chiriku aliruka kamba, lakini miguu ilikuwa mizito na akashindwa raundi ya kwanza. Hakuelewa zile alama ni za nini kama mashine imelala, na hakutaka kufikiria.

Ijumaa saa nne Mtaalamu akatokea darasani mwenyewe, na karatasi ndefu ya alama za Sikio mkononi. Watoto wakasimama kumwamkia. Alikuwa na uso wa mtu mchangamfu aliyekosa usingizi.

"Chiriku," alisema akitabasamu, "mwambie mama apumzike. Leo anatoa tofali kila nusu dakika."

Darasa likacheka. Chiriku hakucheka. Alizaliwa akisikia mashine ile, na alijua hakuna binadamu wa kufyatua tofali kwa nusu dakika, hata wakija watu kumi. Akasimama.

"Mashine imevunjika, mama. Tangu Jumanne. Niliandika wiki nzima Jumatatu. Na juzi mwalimu aliponiuliza, nilidanganya."

Mtaalamu akaitandaza karatasi kwenye dawati la mbele, akazitazama alama upya. Kisha akawaita wavulana wawili waisukume meza ya mwalimu. Meza ilikwama sakafuni, ikaruka kidogo, ikakwama, ikaruka. Akawaeleza haraka haraka kwamba ndivyo ujiuji mzito wa mawe yaliyoyeyuka unavyopanda ndani ya mlima. Unakwama, unasukuma, unaruka. Kila mruko unatikisa mwamba ule ule, mahali pale pale, ndiyo maana alama zote zinafanana.

"Na zikikaribiana?" mwalimu akauliza.

"Unapanda kwa kasi," alisema, na tayari alikuwa anatafuta namba kwenye simu.

Alasiri malori ya kuwahamisha watu yakafika. Kila familia ilipewa saa moja ifunge virago, na hakuna kubeba kitu ambacho mtu hawezi kukishika mwenyewe. Mama alimwomba dereva, akamwomba msimamizi, akamwomba dereva tena. Watu sita wa kubeba mashine wangepatikana wapi, na kila mtu ana watoto na wazee wake? Alipoona haiwezekani, alichukua turubai akaifunika mashine vizuri, akakaza kamba pembe zote nne, kama alivyofanya kila mvua ilipotaka kunyesha. Chiriku alimtazama akalia kwa sauti.

Jumapili mchana mlima ukapasuka. Walikuwa mbali, kambini, wakaona wingu jeusi tu likipanda. Mtaa mzima ulifukiwa: nyumba, kibanda cha Sikio, ua, turubai na kilichokuwa chini yake. Hakufa mtu. Lakini hakukuwa na pa kurudi, na kila aliyeulizwa lini watarudi alitazama chini.

Wiki tatu baadaye Mtaalamu alifika kambini. Alikiri kwamba naye alikosea, kwa kuliamini daftari bila kwenda kutazama mashine kwa macho yake. Mama alimuuliza swali moja tu: kama ingejulikana Jumatano, mashine ingeokolewa? Mtaalamu hakumficha. Jumatano kulikuwa na malori na kulikuwa na muda.

 Mama akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, ulisema kweli Ijumaa, na ndiyo maana tuko hai. Lakini ilikuwa kweli ile ile ya Jumatano. Ungeisema Jumatano, ungechekwa asubuhi moja basi. Ulipoiweka siku mbili imetugharimu mashine. Kosa lako liseme siku ile ile, ukiwa bado unaona aibu. Aibu inapita. Mimi mashine nyingine sina."

 Siku hizo Chiriku alikuwa na maneno machache. Mama akampa ndoo akamtuma kwenye foleni ya maji, ambako karani aligawa kwa hesabu ya watu wa kila hema. Mbele yake mwanamke mmoja wa watoto wawili alisema wako saba, na karani akaandika saba. Jua lilikuwa kali, na maji ya watu wawili hayakufika hata nusu ya ndoo.

"Nyinyi wangapi?"

"Wawili," alisema Chiriku, na karani akaandika.