Uyoga Kwenye Glasi ya Bibi Harusi

"Fumba macho, uonje, uniambie kama hii ndiyo ya harusi," Dirk alisema.

Annika akafumba. Zilibaki siku tisa. Ukumbi mjini Sturgeon Bay ulishalipiwa na kilichokosekana ni kinywaji cha kumpokea mgeni mlangoni. Dirk, mchumba wake, ndiye aliyetaka wajaribu wenyewe jikoni: brandi, pombe tamu ya cheri za shamba la baba yake, soda juu. Hii ilikuwa glasi ya nne. Dirk alikuwa anaimba, mikono ikijifanyia kazi yenyewe.

Kitu chenye utelezi kikamgusa Annika mdomoni. Akafumbua macho. Kwenye kijiti cha kupambia glasi kulikuwa na vipande viwili vya uyoga uliolowekwa kwenye siki.

Yeye huwekewa cheri kwenye brandi tangu aanze kunywa. Kila mhudumu wa mgahawa anayempelekea samaki wa kukaanga wa Ijumaa anajua hilo. Katika ukoo mzima anayeweka uyoga kwenye brandi ni mmoja tu: Britta, mdogo wake, msimamizi wake wa harusi.

"Dirk, hii umemchanganyia nani?"

"Wewe, mpenzi. Kwani vipi?" Akaitazama glasi. Wimbo ukakatika. "Nimekosea tu. Pombe hizi."

"Na uyoga umeutoa wapi? Mimi sinunui uyoga."

Dirk akajikuna shingo. Annika akafungua friji. Nyuma ya haradali ilikuwepo chupa ya uyoga, imebaki vipande vitatu.

"Wewe na Britta mmekaribia kuimaliza. Nikiwa zamu ya kazi mjini Green Bay, siyo?"

"Unajenga hadithi kwa uyoga, Annika."

Simu ya Dirk ilikuwa mezani. Namba ya siri ilikuwa tarehe ya harusi yao. Annika akamwandikia Britta kabla hajanyang'anywa:

"Njoo uonje ya harusi. Dada yako hayupo."

Jibu halikuchukua dakika.

"Nakuja mpenzi. Usisahau uyoga wangu."

Britta aliingia bila kubisha hodi, midomo imepakwa rangi mpya. Akamkuta dada yake amekaa, glasi iko mbele yake.

"Karibu, mdogo wangu. Kinywaji hiki ni chako. Shemeji yako amekichanganya kwa mapenzi."

"Mimi nilikuwa napita tu..."

"Kunywa."

Britta akanywa.

"Kitamu?"

"Dada, nisikilize. Tulitaka kukuambia baada ya harusi."

"Mlitaka nifungue zawadi kwanza?"

Dirk akasogea. "Tusiwaingize watu. Tuseme tumeahirisha."

"Nani kaahirisha? Britta, kapige pasi gauni lako. Dirk, chukua suti yako. Siku ya harusi mnakuja wote."

"Kwa hiyo umetusamehe?"

"Uje umenyoa."

Siku tisa hakuongeza neno. Dirk alipopiga simu alimjibu kwa upole, akamuuliza habari za viatu. Britta akatuma ujumbe: "Una roho kubwa dada. Sitakusahau." Annika akamjibu kwa picha ya maua.

Jumamosi wageni wakafika. Bibi harusi alikuwa mlangoni, amevaa jinzi na buti za kazini, akigawa glasi kwa mkono wake. Kila glasi ilikuwa na kadi, imechapwa kwa herufi za dhahabu:

"KINYWAJI CHA BWANA HARUSI. Brandi, pombe ya cheri, soda, na vipande viwili vya uyoga kwa ajili ya Britta. Kimejaribiwa jikoni kwa bibi harusi, mwenyewe akiwa kazini. Ndoa haipo. Samaki wapo, kuleni."

Mama yake Dirk alisoma mara mbili, akatafuta kiti. Dirk alisimama katikati ya ukumbi, kanyoa vizuri, ua kifuani, na hakuna aliyemsogelea. Britta alikimbilia chooni na shada lake.

Lorna, mama yao Annika na Britta, akamfuata Annika mlangoni.

"Mdogo wako amejifungia. Bibi yako hasikii vizuri, wamemsomea ile kadi kwa sauti, ukumbi mzima. Ungeweza kumaliza nyumbani."

"Wao walianzia nyumbani, mama. Nyumbani kwangu."

"Alikosea, najua. Lakini hii ni kumchinja mtu mbele za watu. Nenda ukamwombe radhi."

"Umeonja, mama?"

"Sijaja kuonja. Nimesema ukamwombe radhi."

Annika akachomoa cheri kwenye glasi yake, akaila polepole, akatema kokwa kwenye kadi.

"Siombi."