Nimemuua Mama Yako

Walikutana mapokezi ya hospitali, siku watu walipojaa hata pa kutia mguu hapakuwepo. Binti alikuwa fundi cherehani, gauni lake la njano kalishona mwenyewe na limemkaa haswa. Kijana, fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo, alikuwa na waya shingoni. Alimkanyaga, akaomba radhi, akaambiwa akiombe radhi kiatu. Basi! Wiki haikuisha, simu zikawa ni "umekula, mpenzi?" kutwa kucha.

Leo hapakuwa na mzaha. Mama yake binti alikuwa amelazwa na uvimbe tumboni, na daktari bingwa wa kumpasua alikuwa mgeni, anaondoka jioni hiyo. Jana programu za seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, zilibadilishwa, zikawekwa mpya. Tangu asubuhi kila ombi la upasuaji lilikwama kwenye neno moja: Linasubiri. Na ombi lisipopita, mgonjwa haingizwi chumba cha upasuaji.

"Mama anazidiwa," binti alilia kwenye simu. "Fanya kitu, nitatangulia kufa mimi."

Kijana alimwambia atulie, naye mwenyewe jasho linamchuruzika. Hakumweleza kwamba maombi yale yalikuwa yakingoja jibu kutoka hatua ambayo mfumo mpya hauna tena, na yangengoja hadi kiama. Dawa ilikuwa kuyafuta moja moja na kuyaanzisha upya. Sasa mafundi wa seva nao wana lugha yao: ombi huliita kwa jina la mgonjwa, na kulifuta ndiko wanakoita kuua.

Simu ya binti ikalia. Sauti ya kijana ilikuwa imejaa furaha.

"Nimemuua mama yako, mpenzi, sasa…"

Binti hakusikia zaidi. Simu ilimponyoka, akaketi chini ukumbini, nje ya wodi, akiangua kilio. Shangazi yake aliyekuwa kando akadakia kilio bila hata kuuliza aliyekufa ni nani, mpaka sauti dhaifu ikatoka wodini: "Jamani, kafa nani?" Ilikuwa ya mama.

Binti alishuka hadi chumba cha seva na kumtandika kijana kibao.

"Mama yangu ni wa kufanyiwa utani?"

Kijana alishika shavu, akamwonyesha kompyuta. Ombi jipya lilikuwa limefika kwa bingwa, likingoja idhini yake tu. "Nililoua ni ombi la zamani, si mama. Utanipiga baadaye. Daktari keshabeba mkoba, twende."

Walikimbia. Walimkuta bingwa mlangoni, na binti akapiga magoti mbele yake. Kijana ndiye aliyeeleza. Daktari alifungua simu yake, akaidhinisha, akarudi ndani.

Halafu kungoja. Kijana alikaa mwisho wa benchi, anaogopa kusogea. Binti hakumtazama. Alikuwa anatafuna ncha ya mtandio na kumwomba Mungu, na kila mlango ulipolia aliinuka.

Bingwa akatoka. Alisema mama ni mzima, uvimbe wote umetoka.

Binti alilia mpaka akachoka. Kisha akasogea benchini, akaligusa lile shavu alilolipiga.

"Leta wazee wako," alisema. "Mama akipona, waje nyumbani."