Kwa Hiyo Ipi?

Tangu mwalimu wao afundishe maneno ya kuunganisha sentensi, binti wa fundi cherehani alikuwa hashikiki. Kila alichosema kilibeba "kwa hiyo". Kaka yake alimbandika jina la Bi Kwahiyo, naye akalipokea kwa furaha.

"Leo ni Jumamosi, kwa hiyo sioshi vyombo," alimwambia mama asubuhi ile.

Mama alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Akamuuliza Jumamosi na vyombo vinahusianaje. Binti akakuna kichwa. Mwalimu aliwaonya kwamba kinachotangulia "kwa hiyo" lazima kiwe sababu ya kinachofuata, la sivyo ni maneno matupu. Akaenda kuosha vyombo huku akijicheka.

Aliporudi alimkuta mama mbioni. Bibi harusi angefika saa nane kuchukua gauni lake la hariri, na shela lilikuwa bado halijaisha. Mezani palikuwa na pasi mbili za moto: kubwa ya makoti na ndogo ya vitambaa vyepesi.

"Gauni laini hilo, lipige pasi kwa hiyo," mama alisema, pini zimejaa mdomoni, akionyesha pasi ndogo kwa kidevu.

Binti hakukiona kidevu. Alisikia neno lake tu: gauni ni laini, kwa hiyo lipigwe pasi. Akanyakua pasi iliyokuwa karibu, ile kubwa, akainua mkono. Hapo akasita. Ulaini ungekuwaje sababu ya kupiga pasi? Mbona hata makoti mazito hupigwa? Hofu ikamshika. Gauni likiungua, bibi harusi atavaa nini?

"Mama, kwa hiyo ipi?"

Mama aliinua macho, akaona pasi kubwa juu ya hariri. Pini zikamdondoka.

"Hiyo ndogo, mwanangu. Hiyo kubwa ingelitoboa."

Walitazamana, wakaangua kicheko mpaka machozi yakawatoka.

Saa nane bibi harusi alilijaribu gauni, akazunguka mbele ya kioo, uso wote tabasamu. Alipoondoka, mama alimvuta binti yake karibu.

"Neno moja linaweza kuwa na maana mbili," alisema. "Ukiona sababu na matokeo havishikani, usiende mbele, uliza. Leo umeuliza, kwa hiyo gauni limepona."