Kufuli la Mogire

Walimtoa Wesley Mogire ardhini saa sita kasorobo mchana, siku ya Alhamisi, wakamlaza juu ya turubai katika uwanja wa nyuma wa Jengo la Sirimba mjini Migori. Moshi ulikuwa ungali ukifuka kutoka kwenye shimo alimotolewa. Glavu zake za mpira zilikuwa zimeyeyukia vidoleni, na mkasi wa kukatia nyaya haukutoka mkononi mpaka waulazimishe. Ndani ya mfuko wa koti lake, zipu ikiwa imefungwa vizuri, mlikuwa na ufunguo mmoja mdogo uliozungushiwa utepe wa buluu.

Susana Nyabuto, mchunguzi wa ajali wa Kikosi cha Zimamoto cha Ziwa Kusini, alifika saa nane na nusu kutoka makao makuu ya Homa Bay. Yeye ndiye aliyemfundisha Wesley kazi, miaka tisa iliyopita, na kila aliyepita darasani mwake aliijua kanuni ya moto wa umeme wa chini ya ardhi kama anavyolijua jina la mamake. Maji yasiguse. Zima swichi kuu. Funga kufuli lako kwenye mkono wa swichi, shuka na ufunguo mfukoni, na jina lako liache kwenye kibati kwa mlinzi wa shimo. Hata kiongozi wako akitaka umeme namna gani, atasubiri upande mwenyewe ukafungue. Kufuli moja, ufunguo mmoja. Alikuwa akiurudia wimbo huo mpaka vijana wakambandika jina la Mama Kufuli, naye akalipenda.

Mkuu wa kituo cha Migori, Angwenyi, alimpokea na taarifa iliyokwisha kuandikwa. Mtu hajapoa, karatasi tayari. Angwenyi alikuwa mtu mpole wa maneno, viatu vinang'aa hata katikati ya majivu, na alisoma kwa sauti ya msibani. Wesley na mwenzake Werema walishuka saa tano na dakika mbili kukata waya uliokuwa ukiungua. Saa tano na dakika thelathini na moja umeme ulirudi. Wesley akafa papo hapo, Werema akaungua mikono. Angwenyi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika chumba cha swichi. Alikuta imewashwa, haina kufuli, akaizima.

"Inauma, madam, lakini ni uzembe wake," alisema. "Ufunguo aliubeba, kufuli akaliacha kwa gari. Fundi wa jengo akaona swichi haina kitu, akawasha. Polisi wako naye tayari."

Alichomoa bunda la funguo kiunoni, akafungua sanduku la vifaa la Wesley ndani ya gari la zimamoto. Kufuli lenye utepe wa buluu lilikuwa humo, limefungwa, limelala juu ya kitambaa. Susana aliuliza nani mwingine angeweza kulifungua sanduku lile. Angwenyi akacheka kidogo, akalitikisa bunda: funguo kubwa za magari na za stoo, na nyingine ndogondogo zenye tepe za rangi.

"Hizi hazitoki kwangu hata nikienda kuoga."

Susana aliziona zile rangi. Kitu kikamchoma kifuani, akakisukuma kando, maana maiti ilikuwa mbele yake na simu ilikuwa ikilia. Alikuwa Emmah, mjane wa Wesley, akipiga kutoka Uriri.

"Sitaki pole, Mama," Emmah alisema. "Watu wanasema alijiua kwa kusahau. Niambie kama ni kweli, ndio nijue nitawaambia watoto nini."

Susana akamwahidi jibu kabla ya mazishi. Akalitia kufuli kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kukiona chumba cha swichi.

Chumba kilikuwa mbele ya jengo, karibu na mlango mkuu, na shimo lilikuwa nyuma. Alitembea kutoka huku hadi huko akitazama saa yake: dakika mbili na sekunde kumi, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Ndani kulinukia rangi mbichi. Askari wa getini alieleza kwamba Alhamisi ile ilikuwa siku ya kufungua ghorofa ya tatu, na mwenye jengo, Mochama, aliamuru kila kitu kipakwe upya. Mkono wa swichi ulikuwa wa kijivu tangu jengo lijengwe. Jumatano jioni ukapakwa rangi nyekundu. Susana alitia kidole kwenye tundu ambamo kufuli hupita. Kikatoka chekundu. Akakifuta kwa leso, akaondoka.

Fundi wa jengo, Okari, alikuwa ameketi sakafuni kituo cha polisi, hana viatu, macho yamevimba. Alisema ndiye aliyeizima swichi, Wesley akafunga kufuli mbele yake.

"Niliona na macho yangu, madam. Buluu. Akaivuta mara mbili, akaniambia, 'Okari, sasa hapa hata wewe huna ruhusa.' Nikaenda kununua fyuzi."

"Nani alikuona dukani?"

"Duka lilikuwa limefungwa. Nikarudi bure, nikapata watu wanalia."

Hapakuwa na mtu wa kumtetea, na sajenti wa zamu alishaandika shtaka la kusomwa Jumatatu. Susana hakumlaumu sajenti. Hadithi ya Angwenyi ilikuwa fupi na safi, na fundi maskini ni rahisi kumwangushia jumba bovu.

Palikuwa na mtu mwingine wa kutiliwa shaka. Vijana wa zimamoto walisema Terry, muuza samaki wa chini ya jengo, alikuwa amewatukana asubuhi nzima akidai umeme, na mara mbili alikwenda kukigonga chumba cha swichi. Susana alimkuta akimwaga barafu iliyoyeyuka mtaroni.

"Nilipiga kelele, sikatai," Terry alisema. "Samaki yangu ilitoka Sindo alfajiri, ilikuwa inaniharibikia hapa. Lakini mimi nitawashia umeme mtu ako chini? Mimi pia ni mama."

Akaeleza kilichotokea bila kuombwa. Friji lake lilinguruma ghafla. Akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tano na nusu imepita kidogo. Akamshukuru Mungu. Lifti nayo ikateremka, akatoka Mochama na wageni wake wamelowa jasho, maana walikuwa wamekwama humo tangu umeme uzimwe. Halafu ukaja ukelele kutoka nyuma. Friji likanyamaza tena.

"Mochama alipotoka alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa na simu kwa sikio. Anacheka, anasema asante."

Susana aliandika neno hilo na saa yake. Kisha akarudi Homa Bay, kwa kuwa Werema alikuwa amepelekwa hospitalini huko. Alimkuta saa kumi na mbili kasorobo jioni, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni, dirisha likimulika kitanda. Werema, Mkuria asiye na maneno mengi, alisema Wesley aliupima waya mara mbili kabla ya kuukata, na kipimo kilionyesha hauna umeme. Kuhusu kufuli, alitikisa kichwa kwa hasira.

"Wesley hawezi shuka bila kufuli. Sisi hatuna za kutosha, tunashuka wawili kwa kufuli ya kiongozi. Aliniita nikaivute na mkono wangu."

"Mbona mlikaa chini karibu nusu saa? Mitungi yenu ya hewa haizidi dakika ishirini."

"Ile ya zamani. Tulikuwa na ile mipya, ya dakika arobaini na tano. Wesley aliiomba mwaka mzima. Ilikuja Jumanne, Angwenyi ndiye alisaini."

Mitungi hiyo ni Susana mwenyewe aliyeipeleka, na alijivunia, ila hakujua walikuwa wameshaanza kuitumia. Hewa nzuri ndiyo iliyomweka Wesley chini mpaka umeme ukamkuta. Akautoa mfuko wa plastiki, akalinyanyua kufuli kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya upinde wa chuma, pale panapokaa juu ya kitu kinachofungwa, palikuwa na mchirizi mwekundu. Akaitoa leso yake na kuiweka kando yake. Ilikuwa rangi ileile.

Ijumaa saa moja asubuhi alifungua kabati la faili ofisini kwake Homa Bay. Alitoa karatasi moja, akaisoma mara mbili akiwa amesimama, akaitia mkobani. Njia nzima kwenda Migori hakufungulia redio.

Saa nne walikutana katika ofisi ya Angwenyi: sajenti, Okari akiwa na pingu, Emmah aliyevaa leso nyeusi kichwani, na mwenye ofisi nyuma ya meza yake. Ukutani palikuwa na ubao wa vibati uliorudishwa kutoka shimoni. Kibati cha Wesley kilikuwa bado kimetundikwa, kwa sababu desturi ya kikosi ni kwamba kibati hutolewa na mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Susana aliweka kufuli mezani.

"Mkono wa swichi ulipakwa rangi nyekundu Jumatano jioni," alisema. "Kufuli hili lina rangi hiyo ndani ya upinde. Kwa hiyo jana lilifungwa kwenye ile swichi. Wesley hakusahau. Okari alisema kweli."

Emmah aliinamisha kichwa. Angwenyi akasema labda kufuli liligusa rangi kwa bahati mbaya.

"Ndani ya upinde haligusi mpaka lipite kwenye tundu. Na ufunguo wa Wesley ulikuwa mfukoni mwake, chini ya ardhi. Basi aliyelifungua alikuwa na ufunguo wa pili, akalirudisha kwenye sanduku ambalo nalo limefungwa. Okari hana funguo hizo. Terry hana. Nipe bunda lako."

"Madam, tuheshimiane."

"Lipe," alisema sajenti.

Angwenyi alilifungua kiunoni polepole. Susana akatafuta kati ya tepe za rangi, akaupata ule wa buluu, akautia kwenye kufuli. Ukazunguka bila shida. Okari akaanza kulia bila sauti.

"Hazitoki kwako hata ukienda kuoga," Susana alisema. "Ni maneno yako. Mochama alikupigia simu saa ngapi?"

Angwenyi alitazama viatu vyake. Alipoanza kusema, sauti ya msibani ilikuwa imemtoka. Mochama alikuwa amekwama kwenye lifti na wageni wakubwa, mmoja anahema vibaya, anampigia kila dakika. Alitaka dakika mbili za umeme tu lifti ishuke. Mochama ndiye aliyekuwa amwombee cheo makao makuu.

"Walishuka saa tano na mbili," alisema. "Hewa ya hapa ni dakika ishirini. Miaka yote ni dakika ishirini. Ilipofika na nusu nikajua wako juu. Wallahi nilijua wako juu."

"Ulitazama vibati?"

"Shimo liko nyuma."

"Dakika mbili na sekunde kumi. Nimepima. Mitungi mipya uliisaini Jumanne."

"Nilisahau, madam."

"Kusahau ungesamehewa labda. Lakini uliposikia ukelele ulizima swichi, ukachukua kufuli la marehemu, ukaenda kulificha kwenye sanduku lake, ukaandika kwamba mzembe ni yeye. Halafu ukampa polisi mtu asiye na hatia."

Lakini mtu akishikwa hutafuta wa kushikwa naye. Angwenyi akainua uso, na safari hii hakuongea kwa upole.

"Na ufunguo wa pili niliutoa wapi? Niliiba? Barua ilitoka Homa Bay. Ilitoka kwako."

Wote wakamgeukia Susana. Nakala ya kituo ilikuwa imepotea siku nyingi; hilo alilijua, kwa kuwa aliulizia kwa simu asubuhi ileile. Angeweza kusema hana habari, na nani angemwamini Angwenyi sasa? Alifungua mkoba, akaitoa ile karatasi, akaiweka kando ya kufuli.

Ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita. Kijana mmoja alikuwa amepoteza ufunguo ziwani huko Kendu Bay, kiwanda cha barafu kikakaa nusu siku bila umeme mpaka kufuli likatwe, na wakubwa wakafoka. Ndipo makao makuu yakaruhusu kila kufuli liwe na ufunguo wa akiba, utunzwe na mkuu wa kituo. Chini palikuwa na sahihi ya S. Nyabuto. Aliendelea kufundisha kufuli moja, ufunguo mmoja, na hakuwahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba si kweli tena.

Sajenti alimfungua Okari pingu, akamfunga Angwenyi kwa pingu zilezile. Susana aliketi kwenye kiti kilichoachwa wazi, akaandika taarifa upya kwa mkono. Wesley Mogire alifuata kanuni zote. Angwenyi alifungua kufuli la mtu aliyekuwa chini, kisha akaficha ushahidi. Ufunguo uliotumika ulikuwepo kwa idhini ya Susana Nyabuto. Akampa Emmah asome kabla ya mtu mwingine yeyote.

Emmah alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kwenye mstari wa kwanza alivuta pumzi. Kwenye wa tatu kidole kikasimama.

"Alikuwa anakuita Mama Kufuli," alisema. "Nikimwambia naogopa hiyo kazi, ananiambia nisijali. Anasema huyo mama hawezi ruhusu ufunguo wa pili."

Susana alinyoosha mkono kumpa wa rambirambi. Emmah aliutazama, akairudisha karatasi mezani. Akaenda ukutani, akakitoa kibati cha mumewe kwenye ubao, akakifunga ndani ya pindo la leso yake na kutoka nje.