Matumbo ya Sikukuu

Kila Jumamosi Solène alimsaidia bibi yake, Odile, kazi za jikoni. Alimenya viazi, akachambua dengu, akawapelekea kuku maganda. Lakini Jumamosi ile, kesho yake ikiwa tamasha la chakula na kilimo kijijini kwao, alikabidhiwa beseni la matumbo ya kondoo.

"Yakwangue, kisha yasuuze kwa maji matano. Usipunguze hata moja," Bibi alisema, akaenda uwanjani kufunga turubai la meza yao ya chakula.

Matumbo yalikuwa ya kijani na yaliteleza mikononi. Uchafu ulimwingia chini ya kucha, na harufu ya zizi ikampanda puani. Alipomwaga maji ya pili, alitapika palepale bombani. "Si yatachemshwa?" alijiambia. Akayanyunyizia siki, akayafunika.

"Umefikisha matano?" Bibi aliuliza aliporudi.

"Matano, Bibi."

Jumapili Bibi aliyapika tangu alfajiri, kifuniko cha sufuria kikiwa kimezibwa kwa unga uliokandwa. Adhuhuri, foleni ya wateja wake ilipita ng'ombe wa maonyesho, ikafika mlango wa kanisa. Bibi akabandua unga, akafunua.

Mvuke ulitoka na harufu ya kinyesi. Mama mmoja aliziba pua kwa skafu. "Mama, kunanuka choo!" mtoto akapiga kelele. Watu wakarudi nyuma wakitema mate. Bibi akaonja kwa ncha ya kijiko, akatema kwenye leso, uso umemwiva.

"Bascoul!" alimwita mchinjaji, aliyekuwa akiuza soseji meza ya jirani. "Umeniuzia mizoga!"

"Mizoga? Mimi? Odile, kondoo hao nimewachinja juzi!"

"Kwa hiyo pua za watu wote hawa zinaongopa?"

Mwanamke aliyekuwa ameshika soseji ya Bascoul akairudisha mezani polepole. Waliokuwa nyuma yake wakaondoka. Mzee Bascoul alibaki amesimama mbele ya soseji zake.

Solène akasogea, akasimama kati ya meza hizo mbili.

"Si yeye, Bibi," alisema kwa sauti. "Ni mimi. Nilisuuza mara mbili tu. Nikakudanganya."

Bibi alivua aproni yake, akamwendea Bascoul.

"Nisamehe, jirani. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Nimekusamehe," Bascoul alijibu, "ila hiyo sufuria iondoe hapa kabla sijazirai!"

Watu wakacheka. Foleni ikarudi, na Bascoul akachoma soseji zake zote, wakala na dengu ambazo Bibi alikuwa amezipika ziliwe na matumbo. Solène aliyazika matumbo nyuma ya ghala huku amebana pumzi.

Bibi alimkuta akisugua sufuria.

"Hata mimi nilitapika nilipokuwa rika lako," alisema. "Kuona kinyaa si kosa. Ungeniambia umeshindwa, ningemalizia mwenyewe. Lakini uchafu ukiuficha kwenye chakula, unaingia tumboni mwa watu. Na uongo wako leo ulitaka kumla mtu asiye na hatia. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, sugua. Bado inanuka."