Shikamoo ya Shangazi Scholastica

Haya yalimpata Eliza, mjukuu wa mzee Kornelio, jirani yetu hapa Gare. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi imekaa hasa, na siku yenyewe ilianza kama nyingine yoyote. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, watu wakaenda kuchuma maharage, na Eliza akafika kutoka chuoni Dar es Salaam na begi la laptopu mgongoni. Akapiga goti kidogo, akasema shikamoo babu. Mzee akaitika marahaba, kisha akamtania kama mababu wanavyowatania wajukuu wao.

"Mchumba, umekonda. Huko Dar hawajui kupika makande?"

Kilichomleta ni kompyuta, tena si ya kisasa. Ilikuwa Sord M5, mashine ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, ndogo kama sinia la vikombe viwili, yenye vibonye vya mpira. Mwalimu Mjapani aliyekuwa akijitolea huku milimani aliiacha kwa mzee pamoja na televisheni yake ndogo, kwa kuwa za hapa hazikuelewana nayo, na transfoma ya kushusha umeme. Mashine ile haikuwa na pa kutunzia kitu. Ukiizima, kila ulichoandika kinapotea. Programu zake zilikaa kwenye kaseti za kawaida, kama zile za kwaya, na zilisomwa kwa kinasa sauti kilichounganishwa nayo.

Kaseti iliyobaki ilikuwa moja. Programu iliyokuwamo aliiandika Scholastica, binti wa mzee, shangazi yake Eliza, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa bado msichana wa shule. Eliza hakuwahi kumwona. Alimjua kwa picha moja, na kwa hadithi kwamba alikuwa haachi kula matunda damu, zile plamu nyekundu za huku milimani, huku akiandika, mpaka vibonye vikawa vinanata na baba yake akawa anavifuta akigomba.

Programu yenyewe ilikuwa fupi. Kioo kilikuwa kikiandika SHIKAMOO BABA. Mzee akaandika MARAHABA, kibonye kimoja kimoja. Kioo kikauliza UMEAMKAJE BABA, basi, ikaisha. Kila asubuhi baada ya sala, miaka yote hiyo, mzee Kornelio aliamkiwa na binti yake.

Eliza aliomba kuinakili kaseti kabla haijaoza. Mzee alikubali, ila akamwomba asiiguse mpaka yeye atakaporudi kutoka kanisani. Kinasa sauti kile kina ukorofi wake, alisema, na yeye ndiye anayekijua.

Eliza hakungoja. Alikuwa amesomea kompyuta. Angoje kuelekezwa namna ya kubonyeza? Maandishi ya kinasa sauti yalishafutika kwa vidole vya mzee. Akabahatisha, akabonyeza vibonye viwili kwa pamoja, akasubiri ule mlio mkali wa programu.

Kimya.

Ndipo akaona kitaa chekundu. Alikuwa anarekodi.

Akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza. Jogoo. Kiti kikilia. Pumzi zake mwenyewe. Shangazi hakuwamo tena.

Angeweza kusema. Mzee asingemgombeza, angenyamaza tu, na unyamavu huo ndio Eliza alioshindwa kuukabili. Akakaa mbele ya mashine, akaiandika programu upya. Alikuwa ameiona tangu utotoni, akakumbuka kila neno na kila nafasi kati ya maneno. Akairekodi kwenye kaseti ile ile.

Kwetu salamu ya mtu aliye hai unaweza kuipeleka popote. Ya aliyelala kaburini huipeleki, maana hakuna aliyekutuma. Eliza alilijua hilo tangu utotoni. Aliandika hata hivyo.

Mzee aliporudi aliuliza kama kaseti imeguswa.

"Hapana, babu."

Akaketi, akavaa miwani, akawasha. Mlio ukapita. SHIKAMOO BABA, kioo kikaandika. Mzee akatabasamu. Kidole chake kikatafuta M, kikatafuta A. MARAHABA.

Eliza akasubiri mstari aliouandika. Haukuja.

Kialama cha kuandikia kiliwaka. Kikazima. Kikawaka.

BABA, HUYU SI MIMI.

Eliza aliurukia waya, akaung'oa ukutani. Transfoma iliacha kunguruma. Televisheni ilizimika. Maneno hayakuzimika. Yalibaki kwenye kioo cheusi, meupe, mpaka mzee alipomaliza kuyasoma. Ndipo yakaondoka.

Eliza aliinama. Mzee hakumtazama. Alivua miwani taratibu, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Yule wa kwenye kaseti nilijua ni maandishi tu, mjukuu wangu," alisema kwa sauti ya chini. Hakusema mchumba. "Miaka yote namwitikia, hajawahi kunisemesha. Leo ndiyo kaniita."

Kisha akasogeza kiti pembeni, kama mtu anayempisha mgeni.

"Mwamkie shangazi yako."

Waya ulikuwa bado mkononi mwa Eliza. Akapiga goti mbele ya kioo kilichokufa.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuna aliyeitika. Walisubiri wote wawili, mpaka magoti yakamuuma Eliza, na bado mzee hakumwambia ainuke.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuondoka, Eliza alichukua kitambaa kuifuta mashine. Angalau hilo aliliweza. Kidole chake kikanata. Akainama kutazama. Utomvu mwekundu, mbichi, haujakauka. Akaunusa. Ulikuwa wa tunda damu, ambalo huku kwetu huiva karibu na Krismasi. Mwezi wa saba miti yake yote hapa Gare ni vijiti vitupu.

Akavigusa vibonye vyote, safu kwa safu. Vingine vilikuwa vikavu. Vilivyonata ni vitano tu: E, L, I, Z na A.